Risasi Ipi Inaikubali Bunduki Yako?

Majirani zangu hapa Pennsylvania wanaowinda kulungu hujaza risasi zao wenyewe kwenye gereji: ganda lililokwisha kutumika, fataki mpya, baruti iliyopimwa kwenye mizani. Mimi nawinda kindi kwa bunduki ya .22, na risasi yake haijazwi upya. Fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini ikishaugonga ukingo huo, ganda limekwisha. Kilichobaki ni kuchagua.

Nunua boksi mojamoja la aina nne au tano. Ngoja siku isiyo na upepo, weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, karatasi mita 50. Kila aina huacha nta yake ndani ya mtutu, kwa hiyo ukibadilisha, piga kama kumi hivi zisizohesabika, ndipo upige tano za kupima. Tano, si tatu, tatu hudanganya. Aina moja itatoboa matundu yanayogusana, sarafu ya senti 10 inayafunika yote. Nyingine, pengine ya bei mbaya zaidi, itatawanyika karatasi nzima. Usimwulize jirani anatumia ipi: bunduki mbili za kiwanda kimoja na modeli moja hutofautiana.

Mimi napendelea zinazokwenda chini ya kasi ya sauti, kama mita 320 kwa sekunde. Zile za kasi hupoteza mwendo haraka, na ajabu yake, upepo huzisukuma zaidi. Halafu hupasua msitu kwa kishindo. Za polepole, kindi wengine hurudi kutafuna hikori zao baada ya muda mfupi.

Darubini iko kama sentimita 4 juu ya mtutu. Ukiirekebisha kwa mita 50, kindi aliye mita 5 utampiga zaidi ya sentimita 2 chini ya ulipolenga, na kichwa chake chenyewe ni kidogo. Mita 100 risasi imeshashuka zaidi ya sentimita 20. Mwache aende zake.

Aliye juu ya tawi na nyuma yake mbingu tupu, usimpige kabisa. Risasi hii ndogo huruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Subiri ajibanze kwenye shina nene.

Ukishaipata inayokubali, tazama namba ya toleo kwenye boksi, ununue za kutosha za toleo hilohilo. Toleo likibadilika, hata kwa chapa ileile, rudi kwenye karatasi.