Mbwa anachechemea: ni mwiba, ni sugu ao ni funza?



Katika mashamba yetu ya mpunga, mihogo na karanga hapa Banalia, mbwa ni mfanyakazi. Anafukuza makako na simbiliki, analinda lupango usiku, tena anaingia pori na wawindaji akiwa na kengele ya mti shingoni. Kengele ile ina sababu yake: mbwa wa asili wa Kongo habweki sana, basi mwindaji anamfuata kwa mlio wa kengele. Wazungu wanamwita Basenji. Mwaka 1895 walimwonyesha London, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts.

Mbwa akichechemea, shamba linabaki bila mlinzi. Wengi wetu tunakimbilia wembe. Lakini somo la leo ni hili: tazama mbele ya kukata. Kuna mambo matatu yanayofanana chini ya mguu wa mbwa, na kila moja lina dawa yake. Moja kati yao linaweza kufika hata kwenye miguu ya watoto.

Mbele ya kumshika

Kama mbwa amebadilika tabia, anauma bila sababu, mate yanatoka mingi ao hawezi kumeza, usimguse. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe kidonda na maji mingi na sabuni kwa dakika 15, kiisha aende kituo cha afya siku ile ile.

Kama mbwa ni mzima, mtu anayemjua amshike. Funga mdomo wake na kitambaa laini: zungusha juu ya pua, pitisha chini ya kidevu, funga nyuma ya masikio. Usikiache muda mrefu, juu mbwa anapoza mwili kwa kuhema. Osha mguu, ukaushe, kiisha utazame mahali penye mwanga.

1. Mwiba

Kuchechemea kunaanza kwa ghafla, mara nyingi siku ya kutoka pori. Utaona tundu moja, pengine damu ao usaha, na maumivu ni mahali pamoja tu.

Kama ncha inaonekana, ivute na kibano safi, kwa kufuata njia iliyoingilia. Kiisha chovya mguu ndani ya maji ya vuguvugu yenye chumvi: kijiko kidogo kimoja katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Fanya dakika 10, mara mbili kwa siku, mpaka kidonda kikauke. Kama mwiba umeingia ndani sana ao mguu unavimba, usichimbe. Mwite munganga wa nyama.

2. Sugu

Huu ni ugonjwa unaojulikana sana kwa greyhound, mbwa wa mbio wa Ulaya mwenye miguu myembamba. Hata mbwa wa kwetu anaweza kuupata, zaidi yule anayetembea sana juu ya barabara ngumu ya mawe. Lakini hapa kwetu, fikiri kwanza mwiba na funza.

Sugu ni ngozi iliyokauka kama kucha, ya mviringo, rangi ya kijivu ao manjano, imezama katikati ya nyayo ya kidole. Mara nyingi iko kwenye vidole viwili vya katikati vya miguu ya mbele, kwani hivyo ndivyo vinabeba uzito. Haina kitone cheusi, haina usaha. Alama kubwa ni hii: mbwa anachechemea juu ya mawe, lakini akifika kwenye majani ao mchanga laini anatembea vizuri zaidi. Ukibana sugu kutoka pande mbili, anavuta mguu.

Ginsi ya kumsaidia:

- Lainisha nyayo ndani ya maji ya vuguvugu dakika 10, kausha.
- Sugua juu ya sugu na msasa laini, polepole, mpaka ilingane na nyayo. Ukiona rangi ya waridi ao mbwa akilia, acha.
- Mpitishe kwenye njia laini. Kwa safari fupi unaweza kumfunga kiatu cha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kiisha ukivue ili mguu upate hewa.

Sugu ina mzizi ndani, ndiyo maana inarudi. Kuisugua kila baada ya wiki chache kunapunguza maumivu, lakini hakuimalizi. Kazi ya kuitoa na mzizi wake ni ya munganga wa nyama.

3. Funza

Hapa kuna uvimbe mweupe wenye kitone cheusi katikati, kati ya vidole, kando ya kucha ao pembeni ya nyayo. Mara nyingi ni vingi. Mbwa anajilamba na kujiuma.

Funza huyu ni kiroboto aliyetoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 alishuka Angola na meli kutoka Brazil, akafuata njia za misafara, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amefika Zanzibar. Jike anaingia ndani ya ngozi, anavimba kama punje ya njegere, kiisha anatupa mayai mengi kwenye vumbi. Ukimtibu mbwa peke yake na kuacha vumbi pale anapolala, funza wapya watatoka huko.

Kama ni wachache, watoe wazima na sindano iliyochemshwa, bila kuwapasua. Wachome ndani ya moto, osha kidonda na sabuni. Sindano ya mbwa isitumiwe kwa mtu, na sindano ya mtu mmoja isitumiwe kwa mwingine. Kama ni wengi, munganga wa nyama achague dawa na kipimo.

Huko Bugiri, mashariki ya Uganda, watafiti walikuta funza kwenye miguu ya nguruwe, mbuzi na mbwa katika vijiji vilevile ambamo watu wanaugua. Basi siku unapokuta funza kwa mbwa, tazama miguu ya watoto wote jioni ile. Mwagia maji mahali mbwa anapolala, fagia, choma takataka, kandika sakafu na udongo. Nguruwe wakae ndani ya zizi. Watoto wavae viatu.

Usifanye hivi

Usimwagie petroli wala maji ya betri. Usimpe mbwa parasetamoli, ibuprofeni ao diklofenaki ya watu: zinaweza kumuua. Usimchome sindano ya dawa ya mbuzi kwa kukisia.

Kazi ya mkutano ujao

Kila kikundi kilete mbwa mmoja mpole. Tazameni miguu yote minne pamoja, kiisha mjibu:

1. Mmeona nini, na ni alama gani imewaonyesha?
2. Mbwa huyu analala wapi, na watoto wanacheza wapi?
3. Nani atafagia na kukandika mahali pale, na siku gani?