Nyama ya Kuvikwa Mkate na Shu ya Kupika Polepole

Somo la jikoni na la hesabu kwa wanachama wa ushirika, Kamina



Kila mwaka wakati wa kiangazi tunaona jambo moja kwenye soko la Kamina. Shu zinatoka bondeni kwa wingi, zote kwa wiki zilezile. Asubuhi mama anataja bei nzuri. Saa sita anapunguza. Jioni anaacha shu mbili kwa bei ya moja, juu ya kuzibeba tena mpaka nyumbani ni taabu na kesho zitakuwa zimenyauka. Upande wa pili wa soko, mwenye nguruwe analalamika kwamba kilo moja ya nyama ni ghali, wanunuzi wanaiangalia tu na kupita.

Katika somo hili tunaviweka pamoja hivyo viwili, shu na nyama, kwenye sahani moja ya kuuza. Nyama inakatwa nyembamba, inavikwa unga wa mkate mkavu, inakaangwa mpaka inalia kwenye meno. Wapishi wa mahoteli wanaiita eskalopu. Huko Austria, kule Ulaya, chakula cha namna hii ndicho kinachowapa sifa, na wao wanatumia nyama ya ndama. Sisi tunatumia nyama tuliyo nayo: nguruwe, au kuku, au paja la mbuzi. Kilo moja inatoa sahani 10. Kwa mchuzi wa kawaida, kilo hiyohiyo ingeisha kwa watu wachache.

Kamina ni mahali pazuri kwa biashara kama hii. Njia ya reli ya kutoka Lubumbashi inagawanyika hapa: moja inakwenda Ilebo, nyingine Kabalo na Kalemie. Msafiri anayeshuka kwenye treni ana njaa, na anataka chakula cha moto anachokiona kinatoka kwenye mafuta.

VITU VINAVYOHITAJIKA (sahani 10)

Kwa nyama:
- nyama isiyo na mfupa, kilo 1
- mayai 3
- unga wa ngano au unga wa muhogo, gramu 150 hivi
- mkate mkavu uliotwangwa, gramu 250 hivi
- ndimu 1, vitunguu saumu punje 3, chumvi, pilipili kidogo
- mafuta ya kukaangia, nusu lita

Kwa shu:
- shu kubwa 1, ya kilo moja na nusu
- vitunguu 2, nyanya 3
- mafuta ya mawese au mengine, vijiko 3 vikubwa
- chumvi, na ndimu nusu
- karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kiganja kimoja (ukipenda)

MKATE MKAVU USITUPWE

Mkate wa juzi ambao hakuna anayeutaka ndio tunaouhitaji. Ukate vipande vidogo, uanike kwenye jua kali juu ya sinia, uufunike kwa kitambaa chepesi juu ya nzi. Ukivunjika kwa kelele, umekauka. Utwange kwenye kinu, lakini usifanye kuwa vumbi: chembe ziwe kubwa kidogo kuliko unga wa bukari. Chembe hizo ndizo zinazofanya nyama ilie kwenye meno. Weka kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Mkate wenye ukungu ni wa kutupa wote. Kukwangua sehemu ya kijani hakutoshi, kwa sababu ukungu unaingia ndani kuliko jicho linavyoona.

KWANZA SHU, HALAFU NYAMA

Tunaanza na shu kwa sababu mbili. Inachukua muda mrefu, na kisu pamoja na ubao vinakuwa bado safi. Kisu kilichogusa nyama mbichi kisirudi kwenye mboga kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

1. Toa majani ya nje. Kama shu ilipuliziwa dawa ya wadudu, hakikisha siku zilizoandikwa kwenye chupa zilipita kabla ya kuvuna. Dawa nyingine haitoki yote kwa kuosha.

2. Kata shu nyembamba, osha, acha maji yachuruzike.

3. Weka sufuria kwenye mbabula, tia mafuta, kaanga vitunguu mpaka vilainike. Ongeza nyanya, koroga mpaka zivunjike.

4. Tia shu na chumvi. Geuza mpaka kila jani lipate mafuta. Ongeza maji nusu kikombe tu. Shu yenyewe ina maji mengi na itayatoa. Anayejaza maji atapata supu.

5. Funika. Punguza makala. Acha dakika 20 mpaka 25, ukigeuza mara mbili tatu. Moto ukiwa mdogo, shu inakuwa tamu. Moto ukiwa mkali, inaungua chini na juu inabaki mbichi.

6. Mwisho tia karanga na maji ya ndimu nusu. Ndimu ikitangulia, shu inakawia kulainika.

KUANDAA NYAMA

Nyama iwe ya siku hiyohiyo. Kwetu wengi hakuna friji, basi nyama iliyochinjwa asubuhi ipikwe siku hiyo.

1. Angalia nyuzi za nyama zinaelekea wapi, ukate kwa kuzikingama. Ukifuata nyuzi, mtu atavuta kwa meno kama kamba.

2. Toa vipande 10 vya gramu 100. Viwe vyembamba: visizidi nusu sentimita baada ya kupondwa. Ponda kwa chupa au mchi mdogo, taratibu, kipande kipanuke bila kupasuka. Nyama ya mbuzi inataka kupondwa zaidi.

3. Paka chumvi, ndimu, pilipili na vitunguu saumu vilivyotwangwa. Acha dakika 20, kisha pangusa maji yaliyo juu. Nyama yenye maji haishiki unga.

4. Panga sahani tatu: ya kwanza unga, ya pili mayai yaliyopigwa, ya tatu mkate uliotwangwa. Pitisha kila kipande kwa mpango huo. Kung'uta unga uliozidi. Kwenye mkate, bonyeza kwa kiganja ili chembe zishike. Mkono mmoja uguse vikavu, wa pili uguse mayai, la sivyo vidole vyako ndivyo vitakavyovikwa mkate.

5. Acha vipande vilivyovikwa vipumzike dakika 10. Hapo koti linashikamana na halitaanguka kwenye mafuta.

Kama mayai ni ghali, koroga unga wa muhogo na maji mpaka upate uji mwepesi, utumie badala ya yai. Koti litakuwa gumu kidogo, lakini linashika.

KUKAANGA

Mafuta yawe na kina cha kidole kimoja. Tupa chembe ya mkate ndani: ikitulia chini, mafuta bado, ikipiga kelele na kuelea, yako tayari, ikigeuka nyeusi mara moja, toa makala kidogo na ungoje. Weka vipande viwili au vitatu tu kwa mara moja. Ukijaza kikaango, mafuta yanapoa na mkate unayanywa.

Kaanga dakika 3 mpaka 4 kila upande, rangi iwe ya dhahabu. Vitoe uviweke juu ya wavu au vijiti safi, mafuta yachuruzike. Usivirundike wala kuvifunika kwa kifuniko, kwa sababu mvuke utalainisha koti na kazi yako yote itapotea.

JAMBO TULILOJIFUNZA KWA AIBU

Siku ya kwanza tulipofundisha somo hili, tulikata nyama nene na tukawasha moto mkali. Vipande vilitoka na rangi nzuri sana. Watu wakapiga makofi. Baba mmoja akasema: "Inaisha kuiva, tukule tu!" Mama mmoja wa ushirika akachukua kisu, akakata kipande katikati. Ndani kulikuwa na rangi ya waridi na maji mekundu. Akatuuliza: "Hii munaweza kumupa mutoto wenu?"

Tulinyamaza. Tukarudisha vyote kwenye moto mdogo. Mama yule alikuwa na haki, na tangu siku ile tunafundisha vile alivyofanya yeye: kata kipande kinene kuliko vyote, angalia katikati. Nyama iwe nyeupe, maji yawe meupe. Kama bado, hakuna anayekula.

Sababu ni hii. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha watu anaweza kupata minyoo ya tegu. Kwenye nyama inaonekana kama punje nyeupe za mchele. Nyama yenye punje hizo isiuzwe wala isipikwe. Lakini usipoziona, usiseme nyama ni salama, kwa sababu zinaweza kujificha. Mtu akila nyama yake isiyoiva, tegu inakua tumboni mwake. Mayai ya tegu yanatoka na kinyesi, na yakiingia mdomoni mwa mtu kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, yanaweza kufika mpaka kwenye ubongo na kuleta kifafa. Wengi wanasema mtoto mwenye kifafa amelogwa, na mara nyingine chanzo ni choo kisichokuwepo na mikono isiyooshwa.

Basi, mambo manne: nguruwe akae bandani, kila nyumba iwe na choo, mikono ioshwe kwa sabuni, nyama iive mpaka katikati.

MABAKI YA NYAMA MBICHI YASIRUDI BANDANI

Hili ni kwa wafugaji. Vipande vya mafuta, ngozi na maji ya kuoshea nyama, tunazoea kuwamwagia nguruwe. Tuache. Homa ya nguruwe ya Afrika inakaa kwenye nyama na damu kwa muda mrefu, na haina dawa ya kuitibu. Haimpati mtu, lakini inaweza kumaliza nguruwe wa kijiji kizima. Nyama uliyonunua sokoni hujui ilitoka banda gani. Mabaki hayo chimbia ardhini, mbali na mbwa. Ukiona nguruwe wanakufa ghafla, wana homa, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu, mwite mtu wa mifugo upesi, na usiuze nyama hiyo kijiji cha pili.

HESABU KABLA YA KUUZA

Andika kila kitu kwenye daftari: nyama, mayai, mkate, unga, mafuta, makala, viungo, na bukari ya kusindikiza. Andika shu pia, hata kama imetoka shambani kwako. Iandike kwa bei ambayo ungeiuza sokoni siku hiyo. Shu yako si ya bure: ulitoa mbegu, mbolea na mgongo wako. Andika pia malipo ya anayepika.

Mfano (namba hizi ni za kujifunzia tu, weka bei za soko lako): tuseme matumizi yote ni franka 60.000 kwa sahani 10. Kila sahani imekugharimu 6.000. Ukiuza 5.000 watu watakusifu, na jioni utakuwa umepoteza 10.000. Ukiuza 8.000 na sahani zote zikatoka, unapata 80.000, faida ni 20.000. Lakini sahani 8 tu zikitoka, unapata 64.000, faida ni 4.000. Kwa hiyo vika nyama yote, lakini kaanga polepole, kwa kadiri wateja wanavyokuja. Siku ya kwanza anza na nusu kilo. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili.

TUSIDANGANYANE

Sahani 10 zinamaliza shu moja. Hata ukiuza sahani 30 kwa siku, ni shu tatu. Jiko hili haliwezi kumeza shamba zima la ushirika. Linaweza kuwapa bamama watatu au wanne kazi, kuwapa wenye nguruwe mnunuzi wa kila wiki, na kuonyesha wanunuzi kwamba shu inaliwa vizuri. Lakini bei ya shu sokoni itaendelea kuanguka kama sote tunapanda siku moja. Dawa yake iko shambani: gawa miche kwa zamu. Kundi la kwanza lipande leo, la pili baada ya wiki tatu, la tatu baada ya wiki tatu nyingine. Hapo shu zitafika sokoni kwa zamu pia.

MASWALI YA KUJADILIANA KWENYE MKUTANO

1. Katika ushirika wetu, shu ngapi ziliharibika au ziliuzwa kwa hasara msimu uliopita? Nani anaweza kuhesabu?

2. Nguruwe wangapi wa wanachama bado wanazurura? Tutasaidianaje kujenga mabanda?

3. Nani atapika, nani atashika daftari, na faida itagawanywa namna gani? Mambo haya yaamuliwe kabla ya mbabula kuwashwa.

4. Zamu za kupanda shu zianze na nani?

Jaribuni kwanza nyumbani, na nusu kilo. Kateni kipande katikati mbele ya watoto, muwaonyeshe namna nyama iliyoiva inavyoonekana. Kisha mje mkutanoni na daftari, tuangalie hesabu pamoja.

Kazi njema, na karibuni mezani.