Kwa Nini Kifua Kikuu Humshika Huyu na Kumwacha Yule

Watu wawili walala nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu. Wote wawili huvuta hewa ile ile yenye vijidudu vya ugonjwa. Mmoja augua, mwenziwe hata kukohoa hakohoi mpaka uzee wake. Majirani husema yule wa kwanza amerogwa. Lakini mfugaji yeyote wa Kinango ameyaona mambo haya zizini, maana wakati wa kiangazi ng'ombe wawili hushikwa na ugonjwa mmoja, na yule aliyekonda ndiye afaye kwanza.

Vijidudu vya kifua kikuu viligunduliwa na Robert Koch, daktari Mjerumani, mwaka 1882. Vikiingia mapafuni si lazima mtu augue. Katika kila watu 100 walio navyo, 5 mpaka 10 tu ndio huugua maishani mwao. Kwa waliobaki, mwili huvifungia vijidudu hivyo kama mahabusi. Basi yafaa tuulize ni nani anayewafungulia mahabusi hao mlango.

Mmoja ni moshi wa sigara. Ndani ya njia ya pumzi mna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia vumbi na vijidudu kuvitoa nje. Moshi huvilegeza, na huwadhoofisha askari wa mwili walioko mapafuni.

Wa pili ni tembo, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndipo penye ubishi. Mlevi wa kila siku yumo katika hatari ya kuugua kifua kikuu takriban mara 3 kuliko mwingine. Tembo likizidi hupunguza nguvu za mwili za kujikinga. Tena mlevi hali chakula. Arudipo usiku, sima na kunde zimepoa, naye hulala. Na huko anywako hukaa saa nyingi katika kibanda kisichopita hewa, watu wamebanana, mmoja wao anakohoa. Wako wanaoogopa kikombe cha kushirikiana, wakaja na vyao. Kikombe hakileti kifua kikuu. Hewa ndiyo ileta. Afadhali wangekaa nje chini ya mwembe.

Njaa, ugonjwa wa kisukari, na zaidi ya vyote virusi vya UKIMWI, hufungua mlango huo huo. Kwa hiyo isidhaniwe kwamba kila mgonjwa ni mlevi. Watoto wachanga nao huugua, na hawajaonja sigara.

Mwenye kukohoa majuma 2 au zaidi, au kutoka jasho usiku na kukonda, aende Hospitali ya Kinango au zahanati iliyo karibu apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za Serikali hazilipiwi, na kwa kawaida huliwa miezi 6.

Taabu huja mwezi wa pili au wa tatu. Mgonjwa ameona nafuu, mvua imenyesha, watu wanapanda mahindi. Naye huacha vidonge, akarudia tembo. Vijidudu vilivyosalia huamka, na huenda vikawa sugu, dawa za kwanza zisivifae tena. Hata asiyeacha vidonge asinywe tembo, kwa kuwa vidonge hivyo na pombe vikikutana huweza kudhuru ini. Mke, au kijana wa nyumbani ajuaye kusoma, na aishike yeye kadi ya dawa, akione kidonge kikimezwa kila asubuhi kabla jembe halijatoka nyumbani.