Nani Humlaki Baba Langoni?



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulisema kwa mzaha, lakini ndani yake mna machozi. Bwana akiwa na wenzake husema, "Kwangu anayefurahi nikirudi ni mbwa tu." Wenzake wanacheka. Bibi naye akiwa na akina mama wa jumuiya husema, "Mzee wangu huongea na mbwa kuliko anavyoongea nami." Nao wanacheka. Lakini hao wawili wakikutana nyumbani jioni, hakuna anayecheka.

Tusiwalaumu haraka. Tuulize kwanza: mbwa ana nini ambacho mwenzangu hana? Na mwenzangu ana nini ambacho mbwa hawezi kunipa kamwe?

MBWA ANA NINI?

Mbwa ameishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 14,000. Alikuja kwetu kabla ya ng'ombe na kuku, hata kabla watu hawajaanza kulima. Hapa Kenya kazi yake inajulikana: kulinda boma usiku na kufuatana na watoto wanaochunga mbuzi. Mjini lango huandikwa "Mbwa Kali", na mgeni huogopa hata kubisha. Lakini mbwa huyo huyo akisikia nyayo za mwenyeji wake, hutikisa mkia mpaka mwili mzima unatikisika.

Huko Japani palikuwa na mbwa aliyeitwa Hachiko. Kila jioni alikwenda kumlaki bwana wake, mwalimu wa chuo kikuu, katika stesheni ya treni ya Shibuya mjini Tokyo. Mwaka wa 1925 mwalimu huyo alifariki ghafula akiwa kazini. Hachiko aliendelea kwenda stesheni kumngoja kwa karibu miaka 10, mpaka naye akafa mwaka wa 1935. Watu walimjengea sanamu.

Mwaka wa 2015 wataalamu wa Japani walieleza kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni, kemikali ya mwili iitwayo oksitosini huongezeka katika wote wawili. Kemikali hiyo ndiyo inayosaidia kumfunga mama na mtoto wake mchanga. Kwa hiyo bwana anayesema kwamba mbwa wake humpa faraja hadanganyi. Ni Mungu aliyemuumba mnyama huyo hivyo.

SIRI YA UTAMU HUO

Basi kwa nini mapenzi ya mbwa ni rahisi namna hii? Ni kwa sababu mbwa hana swali. Hajui kwamba leo ni mwisho wa mwezi. Haulizi karo. Hajui kwamba uliahidi kurudi saa kumi na mbili ukarudi saa nne. Mlevi akija akiyumba, mbwa wake hutikisa mkia. Mwizi akirudi na mali ya watu, mbwa wake hutikisa mkia. Mkia ule hausemi kwamba wewe ni mtu mwema. Unasema tu kwamba umefika.

Bibi yako hawezi kuwa hivyo, wala usimtake awe hivyo. Yeye anakujua. Anaujua uso wako ukiwa na habari mbaya, na anajua ulivyomjibu mama yake juzi. Akikusamehe, anasamehe huku akijua ni nini anachokisamehe. Mbwa hawezi kukusamehe, kwa sababu hakuliona kosa lako. Ndiyo maana msamaha wa mke au wa mume unauma kuutoa, na ndiyo maana una thamani.

Tena mbwa hakuweka ahadi. Yuko kwako kwa sababu ndipo alipolelewa na ndipo anapolishwa. Mwenzako alichagua. Alisimama mbele ya padre na mashahidi wawili akasema ndiyo, akijua kwamba mbele kuna magonjwa na ufukara pia. Asubuhi anapoamka na kuwasha jiko, au anapotoka kutafuta riziki, ile ndiyo anaisema upya hata kama hasikiki.

NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Baba amepunguzwa kazini na hakusema. Kila asubuhi huvaa koti na kutoka, jioni hurudi. Akifika hukaa nje juu ya kigoda na mbwa wao, Simba, mpaka saa tatu usiku. Humpapasa kichwa na kumsemesha polepole. Mama yuko jikoni. Anasikia sauti, hasikii maneno. Moyoni anajiambia, "Amenichoka, au ana mwingine." Anaanza kumfunikia ugali mezani na kwenda kulala. Baba anaingia, anakuta chakula kimepoa, anasema, "Kweli, humu anayenijali ni Simba."

Kwa nini alimwambia mbwa asimwambie mkewe? Kwa sababu mbwa hawezi kuuliza, "Sasa nyumba tutailipaje?" Aibu yake ilitafuta sikio lisilo na ulimi. Lakini sikio hilo halikuweza kumsaidia. Simba hakuweza kusema, "Tuuze yale magunia mawili ya mahindi." Hakuweza kusema, "Nitaongea na kaka yangu," wala, "Pole baba, tutabeba pamoja." Swali alilolikimbia ndilo lililokuwa limebeba msaada wake. Miezi miwili watu wawili waliofunga ndoa walikaa wapweke chini ya paa moja, kila mmoja akidhani amekataliwa.

Mama naye ajipime. Kama kila habari mbaya katika nyumba hupokewa kwa kelele, mume atajifunza kuificha. Na wako akina mama wengi wanaoficha deni la chama au ugonjwa wa titi, kwa sababu bwana akiambiwa huwaka kama mafuta ya petroli. Nyumba ambamo ukweli huadhibiwa, ukweli hutafuta pa kwenda. Wengine huupeleka kwa mbwa. Wengine huupeleka baa, au kwa mtu ambaye si mwenzao, na huko madhara ni makubwa zaidi.

MAANDIKO NA KANISA

Fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 2. Mungu aliwaleta wanyama mbele ya Adamu, naye akawapa majina wote. Mbwa bila shaka alikuwamo. Hata hivyo, kati yao wote hakupatikana wa kumfaa Adamu. Ndipo Mungu akamuumba mwanamke. Adamu alipomwona, alitambua kwamba huyu ni wa mwili wake mwenyewe.

Someni pia kitabu cha Tobiti. Kijana Tobia alipoanza safari pamoja na malaika Rafaeli, mbwa alifuatana nao; anatajwa tena katika sura ya 11 wakati wa kurudi. Maandiko hayamdharau mnyama yule. Lakini katika sura ya 8, usiku wa harusi, Tobia alikuwa katika hatari kubwa, kwa maana waume saba wa Sara walikuwa wamekufa kabla yake. Usiku ule alimwambia Sara waamke wasali pamoja. Mbwa aliweza kutembea njia nzima na Tobia. Kuomba pamoja naye na kuitikia Amina ilikuwa kazi ya Sara.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, hutufundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawiwa kuwatendea kwa wema. Kuwatesa bure ni kinyume cha heshima ya mwanadamu. Tunaweza kuwapenda, lakini tusiwape upendo ule unaowapasa watu peke yao. Tarehe 5 Januari 2022 Baba Mtakatifu Fransisko alisikitika juu ya wenye ndoa ambao hawataki watoto au hutosheka na mmoja, huku wakifuga mbwa na paka badala yake. Siku hiyo hiyo aliwahimiza wale wasioweza kuzaa wafikirie kulea mtoto asiye na wazazi. Kwa hiyo tusimnyoshee kidole jirani aliyekosa mtoto kwa mapenzi ya Mungu akafuga mbwa. Yeye anahitaji kutembelewa.

TUJIFUNZE NINI KWA MBWA?

Je, tumfukuze Simba? La. Mpeni chakula na maji safi, na kila mwaka apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Halafu tujifunze kwake mambo matatu, tuyatende kama watu wenye akili na hiari.

La kwanza, kulaki. Mbwa huacha anachofanya na kukujia. Mwenzako akifika, weka simu chini au punguza redio, inuka, mwite kwa jina, mpokee mzigo. Mambo ya karo na kodi yangoje nusu saa, awe amekunywa chai kwanza.

La pili, kutolala na kinyongo. Vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana. Mkigombana, asubuhi isiwakute mmenuniana. Sisi tunazo njia ambazo mbwa hana: neno "nisamehe", na Sakramenti ya Kitubio.

La tatu, kukaa karibu bila maneno mengi. Mwenye huzuni si kila mara anataka mashauri. Keti naye. Akiwa tayari atasema, na akisema, usimkate.

ZOEZI LA JUMA HILI

Jioni moja, watoto wakiisha kulala, kaeni wawili mjibu maswali haya. Kila mmoja aseme bila kukatizwa.

1. Ninaporudi nyumbani, ni nini hunifurahisha, na ni nini hunifanya nitamani kubaki nje?
2. Kuna jambo gani ambalo nimeogopa kukuambia kwa sababu ya namna utakavyolipokea?
3. Nikikuambia habari mbaya leo, ungependa nikuambie namna gani na saa ngapi?

Swali la pili ndilo gumu. Anayesikia asijibu usiku huo huo, aseme tu, "Asante kwa kuniambia." Kesho yake mtafute njia pamoja. Kama jambo ni zito kuliko nguvu zenu, mwoneni padre wenu au wale wazee wa ndoa waliowasimamia siku ya harusi.

Kabla ya kulala simameni wawili kama Tobia na Sara. Mmoja aombe kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni machache, na mwenzake aitikie Amina.