Mbwa wa Polisi Akimnusa Mtu: Haki za Mtuhumiwa

Harufu ya mwili inaweza kuwafikisha polisi kwa mtuhumiwa. Kumtia hatiani ni jambo jingine. Fremu ikivunjwa usiku Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mbwa wa polisi anaweza kunusishwa kufuli lililokatwa, akafuata njia hadi kwa mbeba mizigo aliyelala barazani. Polisi wanaweza kumhoji. Lakini huenda mtu huyo ndiye aliyeshusha mzigo wa duka hilo jana yake, na harufu haisemi alipita saa ngapi wala alifuata nini.

Mbwa hapandi kizimbani. Shahidi ni askari anayemwongoza, na huyo ndiye wa kubanwa kwa maswali. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema ushahidi wa aina hii upokewe kwa tahadhari, baada ya kuelezwa mbwa alivyofunzwa na anavyoaminika. Kudai tu kwamba amekamatisha watu elfu moja hakushawishi. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Tanzania, ila wakili anaweza kuutumia kujenga hoja. Basi askari huyo aulizwe: mbwa alifunzwa wapi, amewahi kukosea, alinusishwa saa ngapi baada ya wizi, na ni watu wangapi walikuwa wameshakanyaga pale?

Hatari huzidi pale sampuli za harufu za watu kadhaa zinapopangwa ili mbwa achague. Mwongozaji akijua ipi ni ya mtuhumiwa, anaweza kumwelekeza mbwa hata bila kukusudia. Huko Texas, Marekani, mtu aliyefungwa miaka 75 aliachiwa huru mwaka 2010, mahakama ya juu ya jinai iliposema uchaguzi wa mbwa peke yake hautoshi kumtia mtu hatiani.

Nchini Tanzania, Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inamhesabu mshtakiwa hana kosa hadi ithibitike. Akiwa kituoni ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili au ndugu. Asiye na uwezo aombe wakili chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Akitiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya, taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu itolewe ndani ya siku 10.