"Yenyewe" Si "Bila Sababu": Mti Unaojichavusha na Moto Unaojiwasha



Somo la leo linahusu neno dogo tunalolitumia kila siku: "yenyewe". Mti umezaa wenyewe. Moto umewaka wenyewe. Injini inajiwasha yenyewe. Wapo wanaolisikia neno hili darasani wakakimbilia kusema: kama vitu vinajiendesha, Mungu wa nini tena? Wengine wanakwenda upande wa pili: mti unaojichavusha wanaufanya uthibitisho wa Bikira Maria kuchukua mimba. Kabla ya kufuata upande wowote, hebu tuangalie mambo yenyewe yanavyofanya kazi. Wala hatuendi mbali. Mbulu na Hanang mifano ipo tele.

1. Mti unaojichavusha

Tuanze na mashamba ya ngano ya Basotu, Hanang. Ngano si mti wa matunda, lakini ni mwalimu mzuri. Ua lake dogo lina chavua na yai pamoja, na mara nyingi chavua huangukia stigma kabla ua halijafunguka vizuri. Kwa hiyo karibu kila punje imetokana na ua kujichavusha. Mkulima wa ngano hana haja ya kuwasubiri nyuki.

Njoo sasa kwenye miti. Mipichi mingi hujichavusha, hivyo mti mmoja uani unaweza kukuzalia. Mitofaa mingi haiko hivyo: inaikataa chavua yake yenyewe, mpaka pawe na mtofaa wa aina nyingine jirani. Mpapai una mambo yake. Upo wenye maua ya jinsia zote mbili, huo hujichavusha. Upo jike, unaongoja chavua ya mwingine. Na upo dume, wenye maua yanayoning'inia, ambao kwa kawaida hauzai. Kijana anayepanda mipapai bila kujua hili anaweza kumwagilia miezi kadhaa halafu akalaumu udongo bure.

Parachichi ndilo linashangaza zaidi. Kila ua lake hufunguka mara mbili. Kwa aina ya Hass, siku ya kwanza asubuhi hufunguka likiwa la kike, linafunga mchana, kisha kesho yake mchana linafunguka likiwa la kiume. Aina ya Fuerte inakwenda kinyume: kike mchana, kiume asubuhi ya siku inayofuata. Ndiyo maana wataalamu hushauri kuzipanda zote mbili karibu karibu, ili moja ikitoa chavua nyingine iwe tayari kupokea. Hata hivyo, kukiwa na baridi ratiba hiyo huvurugika, maua ya kike na ya kiume ya mti uleule yanakutana, na mti ulio peke yake unaweza kuzaa. Hata hapo, nyuki bado anahitajika kuibeba chavua.

Umeona? Mti "umejizalia", lakini chavua ilikuwepo, yai lilikuwepo, muda ulikuwa sahihi, na nyuki alipita. Kujichavusha hakuondoi sababu. Kunazikusanya sababu mahali pamoja.

Aliyetumia jambo hili kwa faida kubwa alikuwa mtawa wetu Mkatoliki, Gregor Mendel, Mwagustino wa Brno. Kuanzia mwaka 1856 alipanda njegere katika bustani ya monasteri. Alizichagua kwa kuwa hujichavusha, hivyo aliweza kujua kwa uhakika mbegu imetoka kwa mzazi gani. Alipotaka kuchanganya aina mbili, aliondoa stameni za ua moja mapema, akaleta chavua ya jingine kwa mkono, halafu akalifunika. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1866, na ndiyo msingi wa elimu ya urithi tunayosoma sekondari. Mendel hakuona kwamba kutafuta sababu ni kumnyima Mungu sifa.

2. Moto unaojiwasha

Rudi Basotu wakati wa mavuno. Trekta na mashine za kuvunia zinatumia dizeli, na injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inawakaje basi? Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, pampu kwa nguvu mara kadhaa: chini ya pampu kutapata joto. Hewa ikibanwa inapata joto. Pistoni ya dizeli huibana hewa hadi ibaki takriban sehemu moja ya kumi na tano au ya ishirini ya nafasi yake ya mwanzo, na joto linapita nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli hujiwasha kwenye nyuzi mia mbili na kitu tu, kwa hiyo nozeli ikiinyunyiza humo inawaka palepale. Injini ya Rudolf Diesel ilifanyiwa majaribio rasmi Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na kanuni ndiyo hiyo hiyo mpaka leo.

Bodaboda ni tofauti: petroli inatakiwa ingoje cheche ya plagi. Injini ikichemka kupita kiasi au ikijaa masizi, petroli inaweza kujiwasha kabla ya wakati wake. Fundi akisikia injini inagonga, hilo ni mojawapo ya mambo anayoyafikiria. Moto uleule, wakati usio wake, unaharibu.

Na nje ya injini? Asubuhi ya baridi pale Mbulu, lundo la samadi hutoa mvuke. Bakteria wanalisha humo na kutoa joto. Majani ya mifugo yakilundikwa kabla hayajakauka, jambo hilohilo hutokea katikati ya lundo: joto halina pa kutokea, linapanda siku hata siku, na likizidi nyuzi 70 hivi mabadiliko ya kikemikali yanalipandisha zaidi, mpaka lundo linaweza kuwaka bila kiberiti. Mkaa uliotoka tanuruni karibuni ukajazwa kwenye magunia nao unaweza kujiwasha. Kwa hiyo: kausha majani vizuri kabla ya kulundika, acha mkaa upoe wazi, na usilale chumba kimoja na magunia yake.

Ila tusidanganyane. Nyasi kavu za mlimani haziwashwi na jua kali peke yake. Radi inaweza kuwasha. Mara nyingi zaidi ni mtu: anayesafisha shamba, anayerina asali, anayetupa kipande cha sigara. "Moto umejiwasha" mara nyingi maana yake ni "sitaki kusema nani".

3. Tunajifunza nini?

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 walifariki. Tuendelee kuwaombea. Wapo waliodhani volkano imelipuka. Haikuwa hivyo: mvua kubwa ilikuwa imelowesha sehemu dhaifu ya mlima mpaka ikameguka. Kujua sababu kunaokoa maisha, maana anayejua anaweza kujihadhari.

Kwa anayesema Mungu hahitajiki: Katekisimu, namba 306 hadi 308, inafundisha kwamba Mungu ni sababu ya kwanza, naye hutenda ndani ya viumbe na kwa njia yao. Yesu mwenyewe, katika Marko 4:26-29, anasema juu ya ardhi inayozaa yenyewe huku mkulima amelala, asijue inavyokuwa. Hakuona kwamba hilo linamwondoa Baba.

Kwa anayetumia mti kuthibitisha umama wa Bikira Maria: acha, ndugu yangu. Katika kujichavusha chavua ipo, na hiyo ndiyo upande wa kiume. Fumbo la Umwilisho ni kazi ya Roho Mtakatifu. Tunaliamini kwa neno la Mungu, halitegemei parachichi.

Na kwako na mimi: hasira "iliyolipuka yenyewe", uchumba "ulioharibika wenyewe", vilikuwa lundo la majani mabichi siku nyingi. Joto lilikuwa linapanda ndani. Litoe mapema: sema na rafiki mwema, nenda kitubio, epuka nafasi za dhambi.

Maswali ya kujadili kwenye VIWAWA, TYCS au jumuiya yako

1. Taja jambo moja kijijini kwenu ambalo watu husema "limetokea lenyewe". Sababu zake ni zipi?
2. Kwa nini kutafuta sababu za vitu si kupingana na imani?
3. Ni lundo gani maishani mwako linaloanza kupata joto?

Tumsifu Yesu Kristo!