Disko Matanga katika Fasihi Simulizi ya Malindi: Nani Mwenye Usiku?

Utangulizi

Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Malindi, kutoka Ganda na Kakuyuni hadi Marafa na Gongoni, usiku wa kuamkia maziko ni usiku wa sauti nyingi. Chini ya turubai kwaya ya kanisa huimba. Karibu na jiko akina mama wazee huimba nyimbo za hanga kwa Kigiriama, na kayamba zikawajibu. Pembeni, palipowekwa jenereta, vijana hufunga mtambo wa muziki, wakapanga spika kubwa na kujaribu kipaza sauti. Ratiba hakuna. Kila kundi huanza linapoona vema na kujitahidi lisizimwe na jingine. Aghalabu ifikapo saa nne au saa tano za usiku, mtambo huwa umeshinda, kwaya imeketi, na wazee wamesogea nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo disko matanga.

Vyombo vya habari vimeizungumzia sana disko matanga, lakini wanafunzi wa fasihi simulizi hawajaijali. Huripotiwa kama uhalifu, wala si kama utendaji. Makala haya yanaichukulia kuwa utendaji wenye fanani, hadhira na muktadha wake, na yanadai kwamba kilichobadilika katika usiku wa matanga si kelele wala maneno machafu, kwani hayo yalikuwapo zamani. Kilichopotea ni mtu wa kuulizwa kuhusu usiku huo.

Jina lenyewe

Yafaa kuanzia kwenye neno. Matanga ni siku za kukaa na wafiwa, na lugha ina vitenzi vyake mahususi kwa shughuli hiyo: watu hukaa matanga, kisha matanga huondolewa. Disko ni neno la kukopwa. Katika Kiswahili neno ambatani la nomino mbili kwa kawaida huanza na nomino iliyo kichwa, ikafuatwa na ile inayoifafanua. Mwanasheria ni mwana kwanza, kisha wa sheria. Vivyo hivyo disko vumbi, jina lingine linalosikika Pwani, ni disko linalochezwa kwenye ardhi tupu; si aina ya vumbi. Basi disko matanga ni aina ya disko, si aina ya matanga. Upatanisho wa kisarufi unathibitisha jambo hilo: msemaji husema “disko matanga imepigwa marufuku”, hasemi “yamepigwa marufuku”. Neno limekwisha kutoa hukumu kabla chifu hajafika.

Swali ni kama hukumu hiyo ni ya haki. Kwa mujibu wa Mulokozi (1989), utanzu wa fasihi simulizi hautambuliwi kwa maneno yake peke yake, bali kwa kukutana kwa fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Tukipima kwa kipimo hiki, disko matanga haiwezi kutengwa na matanga. Tukio lake ni kifo, mahali pake ni ua wa marehemu, na wakati wake ni usiku ule ambao desturi imekataza wafiwa kuachwa peke yao. Ondoa kifo, nayo inakuwa dansi ya kawaida.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba muziki wenyewe umerekodiwa mbali, na anayeucheza hakuutunga. Pingamizi hili lina uzito kwa anayemtazama mpiga diski peke yake. Lakini fanani wa usiku huo hasa ni mshereheshaji aliyeshika kipaza sauti. Huyu huukata wimbo katikati, akataja jina la marehemu, akaita ukoo wake, akamtania mkwe aliyechelewa, akachanganya Kigiriama, Kiswahili na Sheng katika sentensi moja, kisha akaurudisha muziki. Katika sehemu nyingi za Kenya hukusanya pia mchango: mmoja hutoa fedha muziki unyamaze, mwingine akatoa zaidi uendelee, na ushindani huo hulipa jeneza na deni la hospitali. Maneno hayo yote hutungwa papo hapo na hayarudiwi kesho yake. Sifa ambazo wanafunzi hufundishwa kuzitafuta katika majigambo na katika kutuzana kwenye taarabu zinapatikana hapa, tena kwa wingi.

Hanga kabla ya mtambo

Wagiriama wana neno lao la shughuli ya msiba, yaani hanga, na hutofautisha hanga itsi, lile bichi linaloambatana na maziko, na hanga ivu, lile lililoiva linalofanywa baadaye. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu chake cha 1972 kuhusu wakulima wa Kigiriama, alionyesha jinsi mahanga yalivyokuwa mahali pa matumizi makubwa ya pombe ya mnazi na chakula, na jinsi wazee waliokusanyika hapo walivyokuwa mashahidi ambao neno lao lilihitajika katika mashauri ya ardhi na minazi. Lalamiko kwamba misiba inafilisi watu halikuletwa na jenereta.

Wala maneno ya mapenzi hayakuletwa na spika. Tafiti kuhusu mahanga hayo zinataja nyimbo zilizosema waziwazi mambo ya mwili, zikiimbwa na wanawake watu wazima mbele ya watu. Maana yake ilieleweka: kifo kimepunguza ukoo, na wimbo unataja kinachouongeza. Kwingineko Afrika Mashariki kazi inayofanana na hiyo ilifanywa na watani, walioruhusiwa kumtukana hata marehemu. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba matanga ya zamani yalikuwa ya kimya na adabu anafundisha jambo ambalo halikuwapo.

Ngoma mashuhuri kuliko zote za msiba katika eneo hili ni kifudu, na umashuhuri wake umetokana na siasa. Mnamo 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka katika vijiji vya Wagiriama akiwahimiza watu wakatae kodi na kazi ya kulazimishwa, na simulizi zinasema kwamba aliwakusanya kwa kifudu. Uteuzi huo haukuwa wa bahati nasibu. Ngoma ya msiba ndiyo ambayo kila mtu ana haki na wajibu wa kuiendea, na hakuna anayeuliza kwa nini umati umekusanyika. Mwaka huohuo viapo viliapwa huko Kaya Fungo. Mwezi wa Oktoba Mekatilili alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, na mwaka uliofuata wakatoroka na kurudi. Mnamo Agosti 1914 serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikafuata. Cynthia Brantley (1981) ameyaeleza hayo kwa kirefu. Linalohitajika hapa ni moja: dola ilipoiogopa kifudu, ilijua wa kumkamata. Usiku ule ulikuwa na mwenyewe.

Hali ilikuwa hiyohiyo katika beni, ngoma ya kushindana iliyoenea katika miji ya Pwani tangu miaka ya 1890. Ranger (1975) anaifuata kutoka Lamu na Mombasa hadi bara. Vikundi vyake viliiga bendi za kijeshi, vikapita mitaani na tarumbeta, vikachinja ng’ombe ili kuwaaibisha wapinzani, na vikalaumiwa na wakubwa kwa ubadhirifu. Pamoja na fujo zote hizo, beni ilikuwa na ngazi za vyeo, kutoka mfalme hadi majemadari, na wenye vyeo waliwajibika kwa wanachama wao, hata katika kuwazika. Wanawake wa Mombasa walipoanzisha vyama vyao vya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, ambavyo Strobel (1979) amevichunguza, nao walijiwekea viongozi. Aliyeudhiwa usiku alijua mlango wa kubisha asubuhi.

Mtambo wa kukodi

Mtambo wa muziki hauna cheo. Mwenye nao huja kwa malipo, mara nyingi kutoka kijiji kingine, na alfajiri hufungasha nyaya akaondoka. Mpiga diski hamjui marehemu. Mshereheshaji pengine anamjua, pengine ameandikiwa majina kwenye kipande cha karatasi. Mwenye hanga yuko ndani na majonzi yake, na wazee, kama ilivyosemwa, wamesogea nyuma ya nyumba. Hadhira nayo imebadilika. Wimbo wa hanga uliwahitaji waliojua kuuitikia, kwa hiyo mgeni alionekana mara moja. Mtambo haumhitaji yeyote aitikie. Kijana aliyesikia mdundo kutoka ng’ambo ya bonde huja, akasimama gizani, na hakuna wa kumwuliza ni mtoto wa nani.

Wakati pia umerefuka. Familia zinazoweza kuhifadhi maiti katika chumba cha maiti huwangoja jamaa walio Mombasa au Nairobi, na huku mchango ukikusanywa, usiku mmoja huwa kadhaa. Jambo hili haliwagusi Waislamu wa eneo hilo, wanaozika mapema, na ni kosa la mara kwa mara kuandika kuhusu “matanga ya Pwani” kana kwamba ni mamoja.

Hapa ndipo penye madhara ya kweli, na si vema mwanafasihi ayapite kwa kisingizio cha kutetea utamaduni. Mnamo 2018 ilitangazwa kwamba wasichana zaidi ya 13,000 katika Kaunti ya Kilifi walikuwa wamepata mimba kwa mwaka mmoja. Hesabu hiyo ilijumuisha walio na miaka 18 na 19, ambao kisheria ni watu wazima, na ilibishaniwa. Lakini hata baada ya ubishi walibaki watoto wengi mno. Disko matanga ilitajwa miongoni mwa sababu, pamoja na umaskini na shule zilizo mbali. Machifu na maofisa wa utawala wameipiga marufuku mara kwa mara. Kurudiwa huko kwa amri kunaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuitekeleza.

Marufuku ya muziki yana historia yake duniani. Desemba 1976 nchini Uingereza, kundi la Sex Pistols lilipopanga ziara ya muziki wa panki, muziki ambao wapenzi wake walijivunia kwamba hauhitaji ufundi wala vyombo vya thamani, mabaraza ya miji mingi yalifuta maonyesho yake. Kundi likazidi kuvuma. Mfano wa karibu zaidi ni wa Dar es Salaam, ambako sherehe za mkesha zinazoitwa kigodoro zilikatazwa kwa sababu zinazofanana na hizi za Kilifi. Katika mazingira hayohayo ya uswahilini ndimo ulimokulia muziki wa singeli. Tofauti ni kwamba vijana wa Dar es Salaam walikuwa na studio ndogo mitaani, wakarekodi, wakapata majina, na mwenye jina huitwa akaulizwa. Mshereheshaji wa Marafa hajarekodiwa na mtu. Anapofukuzwa huondoka na utungo wake wote.

Hata hivyo mfano wa Uingereza una mpaka wake. Aliyezuiwa kumsikiliza mwimbaji wa panki alikosa burudani tu. Msichana wa miaka 14 anayerudi nyumbani peke yake saa nane za usiku ana haki ya kulindwa, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimwulizi kama alicheza au hakucheza. Kwa hiyo hoja ya kwamba kila marufuku ni uonevu wa wenye mamlaka haitoshi hapa. Udhaifu wa amri hizi ni kwamba zinaulenga mtambo. Mtambo ukizimwa, giza linabaki, watoto wanabaki njiani, na mwenye kuwajibika bado hayupo.

Kwa mkusanyaji

Mwanafunzi atakayekwenda nyanjani atakuta mambo mawili yanayovutana: utungo wenye thamani, na usiku usio salama. Idhini ya kurekodi itoke kwa mwenye hanga, mchana, kabla ya mtambo kufika; idhini ya mpiga diski haitoshi. Sura za watoto zisipigwe picha. Majina ya wafiwa yanayotajwa kwenye kipaza sauti yabadilishwe katika maandishi, kwa kuwa utani uliofaa saa sita za usiku huweza kuwa kashfa ukichapishwa. Mwanafunzi asiende peke yake, na afuatane na mtu wa kijiji anayejulikana. Nyimbo za akina mama karibu na jiko zirekodiwe mapema, maana zikishazimwa na spika haziendelei, na wanaozijua wanazidi kupungua.

Katika orodha ya Mulokozi, mkusanyaji wa disko matanga anahitaji kuongeza safu moja daftarini, baada ya fanani na hadhira. Katika safu hiyo ataandika aliyeukodi mtambo, aliyechukua kibali cha chifu, na mzee atakayeitwa kesho yake iwapo mtoto wa jirani hajaonekana. Kwa kifudu ya 1913 safu hiyo inajazika kwa jina moja.